Wale viwavi weusi wa kwenye mti siyo viwavijeshi, mhariri rekebisha

Mhariri, mwangaluka. Naandika kutoka Buhongwa, nina duka la pembejeo hapa, na barua hii itakuwa ndefu kidogo sababu jambo lenyewe huwezi kulielezea kwa mistari mitatu likaeleweka. Ukitaka kupunguza punguza, ila ile sehemu ya kuwatofautisha naomba usiiguse.

Gazeti lako lilitoa picha ya viwavi weusi wamerundikana kwenye shina la mti, chini mkaandika viwavijeshi wameingia Mwanza wakulima wakae chonjo. Picha yenyewe safi kabisa, aliyepiga kajitahidi, kasogea mpaka ile miba inaonekana na yale madoa mekundu ya ubavuni yanaonekana, na ndo maana naweza kukwambia bila kumung'unya maneno kwamba hao siyo viwavijeshi, siyo wale wa zamani wala siyo hawa vamizi. Ni watoto wa nondo, yule mdudu wa usiku anayefanana na kipepeo, mmoja mkubwa sana anaitwa Bunaea alcinoe, anapatikana karibu Afrika yote hii ya kusini mwa Sahara, na hana habari kabisa na mahindi ya mtu.

Sasa kibiashara mimi ningenyamaza tu. Tangu ile picha itoke watu wanakuja na gazeti limekunjwa mfukoni wanataka dawa, na dawa ninazo, na mwezi huu ungekuwa mzuri kwangu. Kuna mzee alikuja kutoka upande wa Kisesa huko, kashuka kwenye bodaboda moja kwa moja dukani.

"Mwanangu nipe ile ya viwavijeshi, ile kali."

"Shikamoo mzee. Wamekula wapi, shambani?"

"Marahaba. Shambani bado, ila mti wangu wa uani wameumaliza, umebaki fito."

"Na mahindi yako wapi?"

"Si hapo hapo nyuma ya mti."

"Yameguswa?"

Akanyamaza kidogo. "Hayajaguswa."

Yani mahindi yapo hatua chache tu kutoka kwenye huo mti, yana majani laini, na hao wanaoitwa viwavijeshi wamepita pembeni yake kama hawayaoni. Kiwavijeshi gani huyo? Nilimwambia mzee arudi na hela yake akanunue mbolea, akaniangalia kama namnyima haki yake, sababu gazeti limeandika na mimi ni nani wa kubishana na gazeti. Mwingine, mama mmoja wa jirani hapa, kashakata matawi yote ya mti uliokuwa unampa kivuli watoto wakicheza. Kijana mwingine kanunua dawa sehemu nyingine akapiga mti mzima na bomba la mgongoni, mti una maua, nyuki wamejaa, sijui hao nyuki waliishia wapi.

Haya, tuwaangalie sasa.

Kiwavi wa Bunaea alcinoe akikomaa ni mweusi tii, mnene, anaweza kupita sentimita 7, na mwilini kwake kajaa miiba minene myeupe au ya njano iliyopauka, imepangwa kwa mistari kuanzia kichwani mpaka mkiani. Ubavuni kwenye matundu ya kupumulia ana madoa mekundu yanaonekana toka mbali. Kwa macho anatisha, watu wengi wanaamini ukimgusa unavimba mkono, ila ile miiba haina sumu, ni ya kutishia ndege tu. Hapo nisieleweke vibaya, usiende kumshika kila kiwavi mwenye manyoya unayemkuta, wapo wa familia nyingine ambao manyoya yao yanawasha kweli kweli na mtu anaweza kukesha anajikuna, kwahiyo kama humjui muache. Huyu wakiwa wadogo wanakaa kundi kundi, wanakula pamoja tawi moja wanahamia lingine, wakikua wanatawanyika, halafu wakishiba kabisa wanashuka chini kwa kufuata shina. Hapo ndipo mpiga picha wenu aliwakuta. Hawakuwa wanavamia kitu, walikuwa wanashuka wakajifukie. Anachimba udongo anaingia ndani anageuka pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, huko huko chini, hafumi kifuko cha nyuzi kama anavyofanya yule wa hariri, na anatulia humo mpaka wakati wake ufike.

Chakula chake ni majani ya miti. Ana orodha ndefu kweli ya miti, ya jamii tofauti tofauti, kwenye vitabu utakuta Celtis, Ekebergia, Cussonia, Croton na mingine, na mti ukiliwa wote unachipua tena mvua zikiendelea, mara nyingi haufi. Nyasi hali. Na mahindi ni nyasi, mtama ni nyasi, mpunga ni nyasi, hata kama mtu amepanda kwa mistari akaweka na mbolea bado ni jamii ya nyasi.

Akitoka kwenye udongo sasa ndo unashangaa. Huyu mdudu mkubwa watu wanamuona usiku kwenye taa, hasa mvua zikianza, kwenye vituo vya mafuta na kwenye zile taa kali za magetini, amejibandika ukutani ametanua mabawa, upana wake ukimpima kutoka ncha hadi ncha unapita sentimita 10 na majike wakubwa wanapita hapo. Rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu, ila hapa pana mambo, sababu hawafanani, mmoja utamkuta mwekundu kama udongo wa Sengerema, mwingine kahawia ya kawaida, mwingine karibu na weusi, na wote ni spishi moja. Karibu na ukingo wa mabawa kuna mkanda mweupe mweupe au wenye upinki kidogo. Bawa la mbele lina kadoa kadogo kanakopitisha mwanga kama kidirisha, na bawa la nyuma ndo lina lile jicho, doa kubwa la rangi ya chungwa lina duara jeusi na jeupe kuzunguka. Akitulia anaweza kulificha kwa bawa la mbele, akiguswa anafunua ghafla, ndege anakutana na macho mawili makubwa yanamtazama anaghairi. Na siyo ndege tu, najua walinzi wawili watatu wa usiku ambao wakimuona wanahama lindo, wanasema katumwa. Hajatumwa na mtu, kafuata taa.

Dume na jike unawajua kwa papasi, zile mbili zinazochomoza kichwani. Dume ana papasi pana zenye matawi pande zote mbili kama unyoya, jike zake nyembamba. Dume anazihitaji hivyo sababu kazi yake nzima ni kunusa, jike anatoa harufu usiku na dume anaifuata kutoka mbali. Kula hali. Hilo watu wengi hawaamini, nondo wa familia hii akishakuwa mkubwa mdomo wake haufanyi kazi, anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi alipokuwa kiwavi, siku chache tu, anapandana, anataga, anakufa. Kwahiyo hata anayesema huyo mkubwa anakuja kula nguo kabatini anamuonea bure. Nondo wa nguo ni kadude kadogo, familia ya Tineidae, na anayetoboa sweta ni kiwavi wake siyo yeye mwenyewe. Naliweka hilo hapa sababu nimeulizwa mara nyingi dukani, siyo kwamba gazeti liliandika.

Sasa twende kwenye ukoo, na hapa ndipo ninapotaka mhariri utulie kidogo.

Vipepeo na nondo wote wako oda moja, Lepidoptera, wale wenye mabawa yaliyofunikwa na magamba madogo sana, ule unga unaobaki kwenye vidole ukimshika ndo magamba yenyewe. Spishi zilizopewa majina mpaka sasa ni zaidi ya 150,000, na vipepeo wa mchana hawafiki 20,000 kati ya hizo, waliobaki wote ni nondo. Kwahiyo ukisema nondo umetaja umati mkubwa ambao ndani yake kuna watu hawajuani kabisa.

Mwaka 1758 yule Linnaeus wa Sweden, mtaalamu wa kupanga viumbe, alipopanga wadudu kwenye toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, oda hii nzima aliigawa mafungu matatu tu, Papilio kwa vipepeo, Sphinx kwa nondo wanene wanaoruka kwa kasi, na Phalaena kwa nondo wengine wote waliobaki. Wote! Mwaka 1780 Mholanzi Caspar Stoll alipomwandika huyu wetu akamtia humo humo kwenye Phalaena, akamwita Phalaena alcinoe. Mwaka 1797 Mwingereza J. E. Smith akamwandika nondo mdogo wa Marekani anayeharibu nafaka, naye akamtia Phalaena, akamwita Phalaena frugiperda. Unajua huyo frugiperda ni nani? Ndo huyu kiwavijeshi vamizi anayetusumbua leo, siku hizi anaitwa Spodoptera frugiperda. Yani kuna wakati kwenye vitabu vya Ulaya mdudu wa kwenye picha yenu na mdudu wa kwenye maandishi yenu walikuwa kweli ndani ya jenasi moja, yani fungu moja la spishi zinazohesabiwa ndugu. Ila hiyo ilikuwa karne ya 18, mhariri. Wenzetu walishalichambua hilo fungu zamani, gazeti la leo haliwezi kurudi huko.

Walichambua kwa kuangalia nini? Siyo rangi. Rangi ndo kitu cha kwanza kukudanganya, na huyu wetu ni mfano mzuri kabisa, kwa jinsi anavyobadilika badilika rangi wapo waliowahi kumpa majina mengine wakidhani ni spishi mpya, baadaye yakaja kufutwa yakaunganishwa kwenye alcinoe. Waliangalia mishipa ya mabawa imepita vipi, papasi zikoje, mdomo upo au umekufa, bawa la mbele na la nyuma yanashikanaje wakati wa kuruka, viungo vya uzazi vya dume vikoje, kiwavi ana nini mwilini, pupa anakaa wapi. Siku hizi wanasoma na vinasaba. Mjerumani Jacob Hübner mwaka 1819 ndo alitengeneza jenasi ya Bunaea, na alcinoe akakaa humo mpaka leo. Ndugu yake wa karibu yupo Madagaska, Bunaea aslauga.

Juu ya jenasi kuna familia, na familia yao ni Saturniidae, nondo wakubwa wenye macho kwenye mabawa, spishi zaidi ya 2,000 duniani. Ndani ya hiyo familia kuna kabila la Bunaeini ambao karibu wote ni watu wa Afrika, na humo yumo Gonimbrasia belina, yule ambaye viwavi wake Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini wanakaushwa na kuuzwa sokoni kwa magunia, watu wanakula na sadza, ugali wa huko, ni kitoweo cha heshima. Hata alcinoe mwenyewe Kongo wanamla. Sisemi watu wa Mwanza waanze kumla, sisi tuna dagaa, nasema tu kwamba mdudu ambaye jirani yako anamtia kwenye chungu wewe unamnunulia sumu kwa hela ya ada.

Na juu ya familia kuna kundi kubwa zaidi, Bombycoidea, ambamo Saturniidae wanakaa pamoja na mdudu wa hariri Bombyx mori, na pamoja na wale Sphingidae wanaoruka kama risasi. Yule nondo mwenye alama ya fuvu mgongoni anayelia kikii ukimshika, Acherontia atropos, ambaye anaingia kwenye mizinga kuiba asali, huyo pia ni wa kundi hili, na kiwavi wake utamkuta kwenye viazi mviringo na nyanya, mkubwa, ana pembe mkiani. Kiwavijeshi yeye hayumo humu. Yeye ni Noctuidae, kundi kubwa la Noctuoidea, ukoo mwingine kabisa. Ndugu yake wa karibu mnayemfahamu ni funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, ambaye wazee wetu wa pamba Usukumani wamepigana naye miaka na miaka. Hao wawili ni familia moja. Ukimuuliza mkulima yeyote wa pamba akwambie funza wa vitumba anafanana na yule mweusi mwenye miiba kwenye mti, atacheka.

Wewe mhariri uko Mwanza. Hebu toa picha ya sangara uandike chini yake sato, uone kama watu wa Mwaloni Kirumba watakuacha mpaka saa nne asubuhi. Kila mtu hapa hata mtoto wa darasa la pili anajua sangara na sato kwa kuangalia tu mdomo na umbo, na hakuna anayesema ah wote si samaki. Ila ikifika kwa wadudu tunasema ah wote si viwavi.

Nije kwa kiwavijeshi mwenyewe sasa, hii ndo sehemu ninayoomba usikate.

Wapo wawili na lazima uwajue wote. Wa kwanza ni wa kwetu tangu enzi, Spodoptera exempta, yule anayekuja kwa makundi makubwa msimu wa mvua, nondo wake wanasafiri na upepo usiku wanafuata mvua, mkulima analala shamba liko kijani anaamka limebaki vijiti. Huyu kiwavi wake akiwa kwenye kundi anakuwa mweusi, na nadhani hapa ndipo mkanganyiko wa gazeti ulipotokea, mtu kasikia kiwavijeshi ni mweusi, kaona kitu cheusi, kamaliza. Lakini weusi wa exempta ni laini, hauna mwiba hata mmoja, ubavuni ana mistari ya njano au kijani kibichi imekwenda urefu wote, na urefu wake hauzidi sana sentimita 3. Akiwa peke yake wala hawi mweusi, anakuwa kijani au kahawia na hata humuoni. Anakula jamii ya nyasi, malisho ya ng'ombe, mahindi, mtama, uwele, mpunga. Mti hapandi kula.

Wa pili ni vamizi, frugiperda, katoka Marekani sehemu za joto, Afrika aligundulika 2016 kule upande wa Magharibi, Nigeria na majirani zake, na 2017 akawa keshafika Tanzania. Na hata wataalamu wenyewe wakati ule hawakukurupuka kumtangaza, sababu anafanana na ndugu zake waliopo huku, walipima vinasaba kwanza ndo wakasema ndiyo ni yeye. Kiwavi wake ana rangi ya kahawia au kijivu au kijani chafu, kichwani mbele ana alama kama herufi Y iliyogeuzwa chini juu, rangi yake imepauka, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana nukta nne nyeusi zimekaa mraba kabisa. Hizo mbili ukiziona zote pamoja, Y na nukta nne za mraba, hapo njoo dukani haraka. Anakaa ndani ya moyo wa hindi, anatoboa majani matundu yaliyopangana, anajaza kinyesi mle ndani mpaka kinaziba. Na ukifunua mara nyingi unamkuta mkubwa mmoja tu, sababu wanakulana wenyewe kwa wenyewe, hawana huo undugu wa kurundikana kwenye shina mnaoonyesha kwenye picha. Nondo wake ni kadogo, mabawa yakitanuliwa sentimita 3 hadi 4, rangi ya majivu, dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, bawa la nyuma jeupe. Hana jicho la chungwa, hana kidirisha, kwenye taa wala hutamjali, utampiga na kandambili uendelee na mambo yako. Jike mmoja anataga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake na kwenye joto la huku kutoka yai mpaka nondo ni kama mwezi mmoja tu.

Unaona tofauti ya hatari ilipo mhariri? Yule mkubwa wa kutisha, mwenye miiba, mwenye macho mabawani, hana madhara kwenye chakula chetu. Yule wa majivu asiye na sura ndo anayekomba ghala. Mkulima aliyeaminishwa na picha yenu kwamba kiwavijeshi ni mweusi mwenye miiba mikubwa atakwenda shambani kwake, atatafuta mweusi mwenye miiba, hatamuona, atarudi nyumbani amefurahi. Na huku ndani ya moyo wa mahindi yupo mdogo wa kahawia anatafuna, na dawa inafanya kazi akiwa bado mdogo, akishakuwa mkubwa amejichimbia humo ndani hata upige bomba tatu unalowesha majani tu. Hapo ndo linaponiuma. Mti ulioliwa utachipua, ila mahindi ya mtu aliyekuwa anatafuta mdudu mwingine hayachipui.

Na msiniambie gazeti halina mtaalamu. Ukiriguru ipo hapo Misungwi, kituo cha utafiti wa kilimo cha miaka mingi, watu wa pamba na wadudu wa pamba wamejaa, kutoka hapa mjini ni safari fupi ya daladala. Afisa ugani wa kata naye yupo. Ungemtumia mtu ile picha kwenye simu angekujibu kabla hujamaliza chai, sababu huyu mdudu siyo wa kubahatisha, hakuna mwingine huku anayefanana naye kwa urahisi ukishaona miiba myeupe na doa jekundu kwenye mwili mweusi.

Wapo watakaosema mimi najifanya msomi, majina ya Kilatini yananisaidia nini dukani. Yananisaidia sana tu. Dawa ikija ina karatasi, na kwenye karatasi wameandika inaua nani, na wameandika kwa hayo hayo majina, Spodoptera frugiperda, Helicoverpa armigera. Bunaea sijawahi kumuona kwenye karatasi hata moja. Mkulima anayejua hivyo hauziwi upepo, na muuza duka asiyejua hivyo anauza upepo hata kama hana nia mbaya.

Ninachoomba ni hiki. Rudieni ile picha, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, msiifiche kule nyuma kwenye matangazo ya vifo na viwanja. Andikeni chini yake kwamba ni viwavi wa nondo Bunaea alcinoe, familia ya Saturniidae, hali mahindi, hana sumu, asikatiwe mti. Pembeni yake wekeni kiwavijeshi vamizi amepigwa kwa karibu kichwa kikionekana na ile Y, na mkia ukionekana na zile nukta nne, na mshale muuchore kabisa, sababu wateja wangu wengi wazee macho yameshachoka. Kama hamna picha ninazo kwenye simu, za viwavi wote na za yule nondo mkubwa dume na jike ukutani kwangu, ziko wazi, nawapa bure na jina langu msiliweke.

Na kwa yule mama aliyekata matawi, kama anasoma, shina lipo hai, amwagie maji tu.

Muuza pembejeo,
Buhongwa, Mwanza